Kusini ni Hapo Tu

Simu yangu ina uraia wa nchi mbili. Mimi nina wa moja. Nikilala upande wa dirisha hapa Malaba, inashika mtandao wa Kenya. Nikigeukia ukutani inahamia Uganda, na alfajiri nakuta ujumbe wa kunikaribisha katika nchi ambayo hata ndotoni sikuipitia. Karibu yenyewe si ya bure. Kila nikikaribishwa salio linapungua, kama mgeni anayelipishwa maji ya kunawa. Miaka kumi na tisa nimekuwa ajenti wa forodha, nakimbiza makaratasi ya mizigo ya watu, muhuri huu, muhuri ule, na kifaa changu mwenyewe kinavuka mara nne kwa usiku mmoja bila kuulizwa hata kitambulisho.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akauliza, kama alivyouliza Mama Watoto, kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alikwenda kutembea kisiwa cha Sumba na simu imezimwa mfukoni.

Chanzo ni dereva wa trela. Wiki hiyo foleni ya malori ilikuwa imenyooka kuelekea Amagoro, na huyu bwana, mtu wa Mombasa, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mama chapati kwa muda mrefu hata mama akaanza kumwandikia chai za mkopo. Dereva aliyekaa kwenye foleni siku tatu anageuka mwanafalsafa. Akaniita.

"Mzee wangu, nyinyi watu wa mpaka. Huu mpaka wenu unaanzia wapi?"

"Pale darajani, Mto Malaba," nikamjibu, kwa sauti ya mtu wa kazi.

"Pale ndipo unaponishikilia. Mimi nauliza unapoanzia. Kamba yoyote ina ncha. Ncha ya hii iko wapi?"

Watu wa kibandani wakanigeukia. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaagiza chapati ambayo sikuitaka. Mtu ameishi kwa mpaka, amesomesha watoto watatu kwa mpaka, na hajui kichwa chake kiko wapi wala mkia.

Nikaenda saiba. Kijana wa saiba akaniambia wino wa mashine umeisha (umeisha tangu uchaguzi, sijui alikuwa anamaanisha upi), kwa hiyo nikanakili kwa mkono, nyuma ya fomu ya mzigo wa mafuta ya kupikia. Nilichonakili ni maelezo ya mpaka kama yalivyowekwa na amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926, ile ya mipaka ya Koloni na Himaya ya Kenya. Maelezo hayo hayo yamo hadi leo katika Katiba ya Uganda ya 1995, kwenye jedwali la nyuma ambalo hakuna mtu hulifikia.

Basi, kwa faida ya dereva na wengine mlio kwenye foleni: mpaka wetu unaanzia majini. Huko kusini kabisa, kwenye latitudo ya digrii moja, katikati ya Ziwa Victoria, mahali pasipo na jiwe wala mti. Kutoka hapo unapanda kaskazini kwa mistari iliyonyooka, ukigusa ncha za magharibi za visiwa kimoja kimoja: Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta. Kutoka Mageta mstari unachepuka kaskazini-magharibi hadi ncha ya kusini ya Sumba. Na hapo, jamani, jambo la ajabu: mpaka unaacha kupita majini na unatembea ufuoni. Unafuata ukingo wa kusini-magharibi na wa magharibi wa kisiwa hadi ncha yake ya kaskazini, ndipo unarukia katikati ya mdomo wa Mto Sio na kuanza kupanda nchi kavu kuja kwetu.

Yaani Sumba, kisiwa cha kaunti yetu ya Busia, upande mmoja kinamalizikia Uganda pale pale maji yanapogusa mchanga. Hakuna kilomita za maji ya akiba, hakuna "eneo la katikati". Ukichovya kidole, kimesafiri.

Sisi huku si wageni wa mambo ya aina hiyo. Hadi mwaka 1902 huku kote kulikuwa Uganda, na mpaka ulikuwa mbali kule karibu na Naivasha. Tarehe mosi Aprili mwaka huo Waingereza wakaliondoa jimbo zima la mashariki la Uganda wakaliunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki. Babu wa babu yangu alihama nchi akiwa ameketi. Hakupakia hata kigoda.

Nikamwambia dereva nakwenda Sumba kuuona mpaka kwa macho. Ningeweza kuchagua Mageta, ambacho kina historia nzito zaidi. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, serikali ya kikoloni iliweka huko na kwenye kisiwa jirani cha Saiyusi kambi za kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau. Watu waliozaliwa mlimani, wanaojua msitu kama kiganja, wakaletwa mahali ambapo kila upande ni maji. Haukuhitajika ukuta mrefu. Nimewahi kulifikiria jambo hilo nikiwa ufuoni, na sikuweza kulifanyia mzaha, kwa hiyo naliacha hapo. Isitoshe Mageta ni cha kaunti ya Siaya, na mimi sina pesa za kufanya utalii wa kaunti ya watu.

Nikaondoka Malaba Alhamisi alfajiri, mwisho wa mwezi wa Machi. Tarehe hiyo ikumbuke, itakuja kuniaibisha. Matatu ya watu kumi na wanne tulikuwa kumi na tisa, ukihesabu kuku kama watoto. Busia nikachukua boda boda kunivusha mjini. Neno boda boda lenyewe, kwa wasiojua, lilizaliwa huku huku mpakani, enzi za baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda huku waendeshaji wakiita wateja kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza cha barabarani. Leo linatumika hadi kwa watu ambao hawajawahi kuona mpaka wowote isipokuwa wa shamba na jirani. Kijana aliyenibeba hajui jina la barabara hata moja, na kila njia ya panya kati ya Busia hii na Busia ile anaipita usiku bila taa. Nilimuuliza anazikumbukaje. Akasema, "Mzee, kwani wewe unakumbukaje choo chako?"

Kwa hiyo nilijua mapema ninaenda kukutana na elimu ya namna gani.

Port Victoria nilifika jua likiwa limepanda. Nikauliza ufuoni: Sumba ni wapi? Nahodha wa boti, kijana mwenye kofia ya timu ya Uingereza ambayo haijashinda kitu tangu anunue kofia hiyo, akaelekeza kwa mdomo.

"Hapo tu."

Ninaomba serikali za kaunti zote za magharibi zikae chini na kuweka vipimo vya mdomo. Sisi hatuelekezi kwa kidole. Kidole ni cha kumgombeza mtu. Tunachomoza midomo. Na si kwamba mdomo hauna maana, la, una sarufi yake. Midomo ikichomoza kidogo, ni jirani. Ikichomoza pamoja na kidevu, panda boda. Ikichomoza na kidevu na macho yakafumba, beba chakula. Tatizo ni kwamba mwelekezaji anageuza uso kabla hujamaliza kusoma. Na "hapo tu" inaandamana na umbali wowote, kuanzia mlango wa pili hadi Kampala.

Huyu alichomoza na kidevu. Macho sikuyaona, kwa sababu ya kofia.

Tukapanda. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwepo; zilikuwa zimekaliwa. Nikauliza yangu, mama mmoja akanyanyuka kwa kinyongo akanipa, na safari nzima akawa ananitazama kama nimemnyang'anya kiti cha harusi. Tulipoacha ufuo, simu ikatetemeka. Karibu Uganda. Nikaifungua ramani haraka kabla salio halijaisha: nukta moja ya buluu, juu ya buluu, ndani ya buluu. Sumba chenyewe kilikuwa kipande cha kijivu kisicho na njia wala nyumba, kama vile watu wa huko wanaishi hewani. Kwa taarifa hiyo nilikuwa nimelipishwa data ya kigeni. Nikaizima. Si ushujaa, ni ubahili, na sioni haya.

"Njia unaijuaje?" nikamuuliza nahodha.

"Njia gani, mzee? Ni maji."

Lakini baadaye, alipoona sicheki, alinieleza. Anatazama nyuma, hatazami mbele. Milima ya Samia ndiyo usukani wake: mlima huu ukianza kumeza ule, umekwenda sana kushoto, ukiona nafasi katikati yao kama meno ya mbele ya mtoto, uko sawa. Usiku milima haionekani, basi wanasikiliza upepo. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, unawasukuma kwenda kuvua. Mchana ziwa linaurudisha, unawasukuma nyumbani na samaki. Mtu anayesinzia akiamka anauhisi shavuni, anajua amelalia wapi. Taa za wavuvi wa omena, alinionya, zisikudanganye ukadhani ni mji. Zile zimewashwa kudanganya omena, na anayezifuata hana tofauti na omena.

"Na mpaka, unaujuaje?"

"Ukiona bunduki."

Watu wote botini walicheka isipokuwa mmoja, mzee aliyekaa mbele na nyavu zake. Kwa miaka mingi wavuvi wa Bunyala wamekuwa wakikamatwa na wanajeshi wa Uganda kwa kuvuka mstari ambao hata mimi, niliyekuwa nao umeandikwa nyuma ya fomu ya mafuta ya kupikia, sikuweza kuuona. Samaki hauoni, nyavu haziuoni. Malaba mpaka una lango, taa, geti la chuma na mtu wa kukufokea. Busia una kituo cha pamoja ambacho marais wawili, Kenyatta na Museveni, walikuja kukifungua Februari 2018 kwa mazulia. Huku ni maji tu, yale yale, yenye rangi ile ile, na mtu anatakiwa asikosee.

Tulifika Sumba. Nikashuka, nikakunjua karatasi yangu mbele ya umati wa watoto, na kuanza kazi kwa mujibu wa Amri: kutafuta ncha ya kusini.

Kusini mtu hupata vipi bila simu? Tulifundishwa shule ya msingi: tazama kivuli. Nikatazama. Kivuli hakikuwepo. Ilikuwa saa sita na nusu hivi, mwisho wa Machi, karibu kabisa na ikweta, wakati ambao jua hupita juu ya utosi kama taa ya chumba cha upasuaji. Kivuli changu chote kilikuwa chini ya viatu, kimejificha, kinanicheka. Katika siku mia tatu sitini na tano za mwaka nilikuwa nimechagua zile chache ambazo jua halimwambii mtu wa huku kitu chochote.

Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akianika omena.

"Mama, shikamoo. Samahani, kusini ni wapi?"

Akafikiri. "Kusini? Huyo ni wa boti gani?"

"Si mtu. Kusini. Upande wa kusini."

Akamuuliza mwenzake kwa Kisamia. Mwenzake akatikisa kichwa. Akaniambia kwa huruma, "Labda alihamia kisiwa cha Sigulu. Wengi walihamia Sigulu."

Nikashukuru. Niliuliza wengine wanne. Mmoja alinielekeza kwa mdomo magharibi, mwingine kwa mdomo mashariki, wa tatu alinitaka nikae kwanza ninywe uji, na wa nne aliniuliza kama ni mtu wa ardhi aliyekuja kupima, akaanza kunionyesha mipaka ya shamba la marehemu baba yake dhidi ya la shangazi. Huo nao ni mpaka, na una kesi ndefu kuliko wa kisiwa cha Migingo, lakini haukuwa kwenye karatasi yangu.

Nikaamua kutembea mwenyewe. Kisiwa hakipotezi mtu, nilijiambia. Ukifuata maji utarudi ulipotoka. Ni kweli, ila maji hayafuatiki. Kuna matete, kuna miamba, kuna nyavu zilizoanikwa ambazo ukizikanyaga unafukuzwa, kuna mbuzi aliyefungwa katikati ya njia na asiyetambua mamlaka ya Amri ya 1926. Nikatoka ufuoni nikaingia kati ya nyumba, nikatokea ufuoni tena, na sikujua kama ni ufuo ule ule au mwingine.

Hapo nikamkuta mama akiosha sufuria, miguu ndani ya maji. Upande ule nilikuwa na hakika ni wa magharibi, maana jua sasa lilikuwa limeanza kuelemea huko. Nikafurahi mno. Nikamwambia, kwa sauti ya utalii:

"Mama, unajua hapo uliposimama ni Uganda? Unaoshea Uganda na kuanikia Kenya."

Hakuinua kichwa. "Mimi nimezaliwa Uganda. Nimeolewa hapa. Sabuni nimenunua Busia, sijui ile Busia ya wapi. Wewe ndiye umetoka mbali."

Kisha, kwa kuwa Wasamia ni watu wema hata wakikusuta, akanionyesha kitu. Hatua chache ndani ya maji palikuwa na mawe yamepangwa mraba. Ilikuwa jiko lake la zamani. Mwaka 2020 mvua zilipozidi ziwa lilipanda. Mwezi wa Mei kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita kwa sentimita moja rekodi ya Mei 1964. Kwenye gazeti sentimita moja ni habari ndogo. Hapa ilikuwa ni jiko, na kabla ya jiko migomba miwili.

Nilisimama nikapiga hesabu kiajenti. Kama mpaka ni ufuo, na ufuo ukarudi nyuma, basi jiko la mama huyu lilijengwa Kenya, likahamia Uganda lenyewe, bila fomu, bila ushuru. Na ni zito. Sijui wanasheria watasema nini. Wao hulipwa kwa kusema. Mimi nilichojua ni kwamba ningelisimamia jiko hilo pale Malaba lingekaa bohari wiki mbili na gharama za kuhifadhi zingelishinda thamani.

Nikaendelea na ufuo, na mwishowe nikafika. Nchi ilichongoka, maji pande tatu, jiwe moja kubwa mbele. Ncha! Nikavua kofia. Nikaweka mguu wa kulia majini, wa kushoto nikauacha Kenya, na kusimama hivyo dakika nzima nikiwaza hotuba nitakayompa dereva. Kiatu kikajaa. Mtoto wa kama miaka minane, aliyenifuata tangu mwanzo bila kusema neno, akasimama kando akinitazama.

"Kijana, hapa ndipo mwisho wa kisiwa upande wa kusini?"

"Hapa ni kwa fundi wa mashua."

"Ndiyo, lakini kule mbele, ng'ambo, ni Mageta?"

Akachomoza midomo. Akaichomoza nyuma yangu, juu ya kisiwa chote nilichokuwa nimekitembea, pamoja na kidevu. Macho akafumba.

Nilikuwa nimesimama kwa heshima zote kwenye ncha ya kaskazini.

Ndipo nikaelewa nilivyokuwa mjinga tangu asubuhi. Ningeuliza "upande wa Mageta", hata mbuzi angenielekeza. Huku hakuna kusini. Kuna upande wa Mageta, upande wa Sigulu, upande wa Port, na upande unakotoka upepo. Na aliyeandika Amri ya 1926 hakufanya tofauti sana: naye alitoka Mageta akaja Sumba, kisiwa kwa kisiwa, kama mtu anayemwelekeza mgeni kwa fulani kisha kwa fulani. Hesabu za latitudo alizitumia mwanzoni tu, kisha akazisahau.

Sikurudi kusini. Boti lilikuwa linaita, na kiatu kilikuwa kinaimba. Nilijifariji kwa karatasi: ncha ya kaskazini nayo imetajwa. Kutoka kwenye lile jiwe mstari unaruka hadi mdomo wa Sio, unapanda na mto, unashika mito mingine na nguzo za mawe hadi Mto Malaba na kuendelea kuelekea Mlima Elgon. Kabla ya Elgon, unapita karibu na dirisha langu. Ni huo huo ambao simu yangu huuruka nikigeuka kitandani.

Nililala Port Victoria, nikarudi Malaba Ijumaa jioni. Mama Watoto akaniuliza nimeleta nini. Nikamwonyesha kiatu. Akauliza samaki wako wapi. Hilo la samaki, kwa kweli, lilikuwa limenipita, na tangu siku hiyo kila mgeni akija nyumbani anasimuliwa habari za mwanamume aliyekwenda ziwani akarudi na tope.

Jumamosi asubuhi nikapita kibanda cha mama chapati. Yule dereva alikuwepo. Alikuwa amesonga mbele urefu wa malori mawili, na deni lake la chai limefungua ukurasa wa pili.

"Mzee wangu! Umeuona?"

"Nimeuona."

"Haya, nieleze. Unaanzia wapi?"

Nilikuwa na karatasi mfukoni, imekauka ikakunjamana, na hotuba nzima kichwani. Watu wote wa kibandani wakanigeukia. Nikafungua mdomo, nikatazama upande wa Busia na ziwa, nikaichomoza midomo, na kidevu, na macho nikayafumba.

"Hapo tu," nikamwambia.